Njiani Hata Kizuri Hujitembeza

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Usemi huo una ukweli wake sokoni, ambako mnunuzi huzunguka kwa miguu yake, akatazama, akagusa, akaondoka, kisha akarudi. Katika barabara zetu kuu mambo ni tofauti. Basi linaposimama kwa dakika mbili, chungwa zuri lisipojitembeza halinunuliwi. Sharti lipangwe juu ya beseni, likimbizwe hadi dirishani, linadiwe kwa sauti ya kuzishinda sauti nyingine, kisha likabidhiwe kwa mtu ambaye muuzaji hajapata kumwona na pengine hatamwona tena.

Biashara hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumza leo. Wako wanaoiona kuwa ni jambo dogo, la kupitishia wakati safarini. Sisi hatuafikiani nao. Nyuma ya kila beseni linaloinuliwa dirishani pana shamba na mkulima aliyengoja miaka hadi mti wake ukazaa. Mbele ya beseni hilo yupo msafiri mwenye haki ya kula kitu safi na kupimiwa sawasawa. Kati ya hao wawili zimewekwa dakika mbili tu, na katika dakika hizo kila upande hupata nafasi ya kumdhulumu mwenzake. Yafaa tujiulize kama hali hiyo ni ya lazima.

UTAJIRI ULIO KANDO YA NJIA

Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda kaskazini ni mfano mzuri. Chalinze, mahali njia inapogawanyika, moja ikielekea Morogoro na nyingine Segera, msafiri hupokewa na mananasi. Mengi hutoka Kiwangwa, upande wa Bagamoyo, ambako zao hilo ndilo tegemeo la watu wengi. Akifika Segera njia hugawanyika tena. Aendaye Tanga huingia katika nchi ya machungwa, na hasa Muheza, ambako matunda hayo hupakiwa katika malori kwenda Dar es Salaam, na mengine huvuka mpaka kwenda Kenya. Aendaye Moshi hupita Korogwe na Mombo, chini ya milima ya Usambara, na hapo hukuta matunda ya nchi ya baridi yaliyoteremshwa kutoka Lushoto: plamu, mapeasi na mapichi.

Njia nyingine nazo hazikosi ya kwao. Morogoro hupata ndizi na machungwa ya milima ya Uluguru. Dodoma ina zabibu. Rungwe, katika Nyanda za Juu Kusini, hutoa ndizi na maparachichi. Upande wa Arusha, watu wa Mto wa Mbu huwauzia wageni waendao Ngorongoro ndizi nyekundu ambazo wengi wao hawajapata kuziona.

Kila tunda lina msimu wake, na msafiri mwenye busara huujua. Maembe hufurika kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Plamu za Lushoto huwahi sikukuu za Desemba na Januari. Machungwa hushamiri katikati ya mwaka. Anunuaye tunda katika msimu wake hulipata likiwa limekomaa mtini na kwa bei nafuu. Alitafutaye nje ya msimu hulipa sana, na mara nyingi hupewa lililochumwa changa ili kuwahi fedha.

Hapa pana elimu ndogo ambayo ingewasaidia wengi. Matunda hayafanani katika kuiva. Embe, ndizi na papai zikichumwa zimekomaa huendelea kuiva nyumbani, na ndiyo maana wazee wetu waliweza kuzivundika. Parachichi lenyewe haliivi mtini kabisa, hungoja lichumwe. Lakini nanasi na chungwa haviongezi utamu baada ya kuchumwa. Nanasi lililokatwa changa litageuka rangi, litalainika, hata kuoza, wala halitakuwa tamu. Anayeambiwa dirishani kwamba nanasi lake litaiva akifika aendako anadanganywa.

Kadhalika machungwa. Wageni kutoka nchi za baridi, na hata baadhi ya vijana wetu wa mijini waliozoea picha za kwenye maboksi ya maji ya matunda, hulikataa chungwa la kijani wakidhani ni bichi. Ganda la chungwa hugeuka rangi kwa ubaridi wa usiku. Katika nyanda za joto kama Muheza usiku haupoi kiasi hicho, kwa hiyo chungwa huiva na kujaa maji matamu huku ganda lake lingali kijani. Dalili ya kuiamini ni uzito wake mkononi: zito kuliko ukubwa wake ndilo lenye maji. Nanasi nalo hunuswa kitakoni, embe hunuswa penye kikonyo, na tikiti hutazamwa ubavu uliolala ardhini. Ukiwa na baka la manjano, lilikomaa shambani.

Lakini kupima uzito, kunusa na kugeuza hutaka muda. Dirishani muda huo haupo, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

KIPIMO

Kipimo cha njiani ni fungu, beseni, ndoo ndogo au mfuko wa wavu. Hatuna ugomvi na vipimo hivyo vyenyewe, maana vimetumika tangu zamani na watu wanavielewa. Ugomvi wetu ni na hila zinazoingizwa ndani yake. Msafiri huoneshwa ndoo ambayo juu imepangwa matunda makubwa yanayong'aa. Akifika nyumbani hukuta katikati yamejaa madogo, na chini pana majani makavu. Huuziwa mfuko wa wavu uliofungwa kwa ustadi hata lililooza lisionekane. Huombwa bei moja akiwa ndani ya basi, na maradufu akiwa ndani ya gari dogo. Yote hayo ni wizi, hata kama mwenye kuyatenda ni mtu maskini.

Hata hivyo, msafiri naye asijifanye malaika. Wako watu wazima, wenye mavazi ya heshima, ambao hulichukua fungu la machungwa wakaliweka magotini, kisha wakaanza kuitafuta fedha pole pole huku wakijua kwamba basi linaondoka. Wako wanaotoa noti iliyochanika, au pungufu ya bei waliyopatana, wakitumaini kwamba mwendo wa gari utawafichia aibu. Wako wanaocheka wanapomwona mama akikimbia nyuma ya basi akidai haki yake. Beseni moja aghalabu ndilo mtaji wote wa mama huyo, na pengine matunda yenyewe ameyachukua kwa mali kauli, ambayo jioni hapana budi ailipe. Machungwa sita yaliyoondoka bila malipo huweza kuwa ndiyo faida yake ya siku nzima.

Tukumbuke pia kwamba dhuluma hiyo haianzii barabarani. Shambani mkulima naye hupimiwa vibaya. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi hata likashonewa kilemba juu yake, imepigwa marufuku kisheria, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakiipiga vita kwa miaka mingi, bado ipo. Mwenye miti ya matunda huuza kwa tenga lisilojulikana uzito, au huuza mti mzima kwa makisio ya mnunuzi aliyekuja na fedha mkononi wakati wa shida. Kwa hiyo tunda linapofika dirishani limekwisha kupunjwa mara moja. Msafiri asipolilipa, linapunjwa mara ya pili.

USAFI

Suala la pili ni afya, na hapa hatuna budi kusema wazi. Tunda zima lenye ganda lake ni miongoni mwa vyakula salama kabisa awezavyo kula msafiri. Mungu amekwisha kulifungasha. Ndizi, chungwa, chenza na embe vikioshwa na kumenywa na mlaji mwenyewe, kwa mikono safi, havina hatari kubwa. Hatari huingia pale kisu kinapoingia.

Tutazame jinsi kazi inavyofanyika. Muuzaji amenyaye machungwa hufanya hivyo kwa ustadi wa kupendeza, akilizungusha tunda mpaka ganda la juu litoke kama utepe. Lakini kisu chake na mikono yake vyote huoshwa katika ndoo moja ya maji iliyojazwa asubuhi. Ikifika saa nane mchana maji hayo yamekwisha kubadilika rangi. Tikiti na papai hukatwa vipande, vikapangwa katika sinia, vikakaa juani vikingoja basi, na nzi hawana haja ya kukaribishwa.

Kipindupindu hubebwa na maji machafu na mikono michafu. Vijidudu vyake havipatani na uchachu, lakini juu ya matunda yasiyo na uchachu, kama tikiti na papai, vikishaingia kwa njia ya kisu au maji huweza kuishi na kuongezeka. Ugonjwa huo ulipozuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea hadi mikoa mingi ya Tanzania Bara na Zanzibar. Katika nyakati za namna hiyo wakuu wa afya huonya watu juu ya matunda yaliyokatwa, na wachuuzi hulalamika kwamba wanaonewa. Sisi twasema onyo hilo ni la haki. Lakini twauliza pia: katika vituo vingapi vya mabasi mchuuzi anaweza kupata bomba la maji safi bila kutembea mwendo mrefu? Kumwambia mtu aoshe kisu bila kumwonesha maji ni kumpa lawama badala ya msaada.

ROHO ZA WATU

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote. Biashara ya dakika mbili hufanywa kwa mbio, na mbio hizo hufanywa katikati ya magari. Mahali popote basi linapopunguza mwendo, penye matuta, penye mizani ya kupimia magari, penye njia panda, wachuuzi hukusanyika. Basi likitokea hawangoji lisimame. Hulikimbilia likiwa bado linatembea, maana wa kwanza kufika dirishani ndiye auzaye. Likiondoka hulifuata kudai fedha au kurudisha chenji. Mwenye beseni kichwani haoni vizuri gari linalokuja ubavuni mwake, na dereva wa nyuma naye hamwoni mtu atokeaye ghafla mbele ya basi. Mtu kupoteza maisha kwa ajili ya fungu la machungwa ni jambo ambalo taifa halipaswi kulizoea.

Uchungu huzidi tunapoona miongoni mwa wakimbiaji hao watoto, saa ambazo wenzao wako darasani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu mtoto aliye chini ya miaka 14 kuajiriwa, wala hairuhusu mtoto yeyote kufanya kazi za kumdhuru. Tunajua kwamba wengi wa watoto hao hawana mwajiri. Wametumwa na wazazi wao, na fedha wanayoipata hununua daftari na unga. Hata hivyo, barabara kuu si mahali pa mtoto kujifunzia biashara. Msafiri anayemwita mtoto kwa sababu bei yake ni rahisi, au kwa sababu ni mwepesi wa kukimbia, anashiriki kumweka hatarini.

MADIRISHA YANAFUNGWA

Zaidi ya hayo, nyakati zinabadilika. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, kila stesheni iligeuka kuwa soko. Treni ilisimama, madirisha yakafunguliwa, na wanavijiji wakauza walichokuwa nacho. Saranda ikajulikana kwa kuku, na Tabora kwa maembe na asali. Wasafiri walipanga vikapu vyao kwa kufuata stesheni.

Leo mabasi mengi mapya yana viyoyozi, na madirisha yake hayafunguki. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi uliofuata, huenda mbio na husimama katika stesheni chache. Hatuyalaumu maendeleo hayo. Tuliyangoja kwa muda mrefu. Lakini kila dirisha linalofungwa humfungia mtu riziki. Kama hatukumwandalia mchuuzi mahali pengine pa kuuzia, atazidi kukimbilia magari machache yaliyobaki na madirisha ya kufunguka, na hatari itaongezeka badala ya kupungua.

Serikali yetu nayo imepita njia ndefu katika kumtazama mchuuzi. Mwaka 1983, wakati wa sheria ya Nguvu Kazi, wachuuzi wengi wa mijini walikamatwa kama watu wasio na kazi ya maana wakapelekwa vijijini. Mwezi Desemba 2018 Rais John Magufuli aligawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja kikilipiwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 4. Kutoka kukamatwa hadi kutambuliwa ni hatua kubwa. Lakini kitambulisho hakina paa wala bomba. Aliyetambuliwa anahitaji sasa mahali pa kusimama.

LA KUFANYA

Mapendekezo yetu si makubwa, wala hayahitaji wataalamu kutoka mbali.

Kwanza, kila halmashauri ambayo barabara kuu inapita katika eneo lake itenge mahali pa kuuzia matunda, nje ya barabara yenyewe, ambapo basi linaweza kuingia na kutoka kwa usalama. Pawe na paa la kuzuia jua, maji ya bomba, choo na pipa la taka. Halmashauri hizo hukusanya ushuru kwa wachuuzi. Ni haki sehemu ya ushuru huo irudi kwao kwa sura ya maji. Stesheni mpya za reli nazo zitengewe vizimba kwa ajili ya wazalishaji wa karibu, visichukuliwe vyote na wenye mitaji mikubwa.

Pili, wenye mabasi wakubali kusimama dakika kumi katika mahali hapo badala ya dakika mbili penye matuta. Dakika kumi humtosha abiria kushuka, kunusa nanasi, kupatana bei, kulipa na kurudishiwa chenji yake. Hakuna basi litakaloharibikiwa na ratiba kwa sababu ya dakika hizo, na mgongo wa msafiri utazishukuru.

Tatu, wachuuzi wenyewe waungane na kujiwekea sheria. Matunda mazima yauzwe mazima. Anayetaka kukata awe na maji yanayotiririka, na vipande avifunike. Mizani ndogo iwekwe mahali pamoja ili mwenye shaka apime. Mwenzao anayeficha yaliyooza chini ya ndoo wamkanye wao kwanza, maana jina analoliharibu ni la kituo kizima. Msafiri akipunjwa mahali fulani mara moja huwaambia jamaa zake wote wasinunue hapo. Kwa upande wa malipo, siku hizi simu ya mkononi imerahisisha mambo. Muuzaji akiandika namba yake ya malipo ubavuni mwa beseni, abiria ambaye basi limemwondoa kabla ya kulipa hana tena kisingizio.

Nne, msafiri atimize wajibu wake. Aandae fedha ndogo kabla ya kituo. Alipe kwanza, ndipo apokee. Achukue kikapu chake, maana mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imekatazwa Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na kikapu cha ukili hakiyachubui matunda laini kama mfuko ulivyokuwa ukifanya. Maganda asiyatupe dirishani; ayatie katika pipa la basi au ayangojeshe mpaka kituoni. Asimwite mtoto barabarani. Na anapopatana bei na mama aliyesimama juani tangu alfajiri, akumbuke kwamba shilingi mia anazozipunguza kwa ubishi yeye hatazikumbuka jioni, ila mama huyo atazikumbuka.

Msimu wa machungwa na maembe huja kila mwaka bila kuitwa. Halmashauri zikianza sasa kuchimba msingi wa banda moja tu katika kila kituo kikubwa, msimu ujao utakuta mahali pa kuteremkia. Tunawaomba madiwani wa maeneo hayo walifikishe jambo hili katika vikao vyao vya bajeti, na tunawaomba wasafiri, kabla ya banda hilo kujengwa, wawalipe wachuuzi kabla basi halijaondoka.